Njia Impasayo au Njia Yake? Tabia ya Asili na Malezi katika Nyanda za Juu Kusini

Mjadala wa malezi katika fasihi na elimu ya Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na methali mbili zinazovutana. Moja humwagiza mzazi amkunje samaki angali mbichi. Nyingine hushikilia kwamba tabia haina dawa. Ya kwanza humwona mtoto kuwa kitu kisicho na umbo mpaka kikunjwe. Ya pili humwona kuwa kitu kilichokwisha kuumbwa, kisichokunjika tena. Mhakiki huchagua mojawapo kulingana na riwaya aliyo nayo mkononi, na mwalimu hufanya vivyo hivyo kulingana na mwanafunzi aliyesimama mbele yake. Linalosahaulika ni uwezekano wa tatu: kwamba kile anachozaliwa nacho mtoto chaweza kuwa mtaji wa wema wake, na kwamba kazi ya kwanza ya mlezi ni kukitambua na kukipatia shughuli. Makala hii inadai kwamba uwezekano huo umefikiriwa kwa kina katika mafundisho ya maadili ya Kiyahudi, na kwamba historia ya malezi ya Iringa na Mbeya inaonyesha hasara ya kuupuuza.

Huenda msomaji akauliza Wayahudi wanahusianaje na Nyanda za Juu Kusini. Wanahusiana nazo kwa njia ya kitabu. Wamisionari wa Kimoravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na Wabenediktini waliingia Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla ya karne hiyo kwisha. Katika nchi hiyo ya makanisa, kitabu cha Mithali, ambacho asili yake ni mafunzo ya wenye hekima wa Kiyahudi, kimekuwa kikisomwa na kuhubiriwa kizazi baada ya kizazi. Mstari wa 6 wa sura ya 22, unaohusu kumlea mtoto, husikika katika ubatizo, harusi na mikutano ya wazazi, na wengi wanaujua kwa moyo. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 huizungumzia njia ya mtoto huyo kwa neno "impasayo".

Neno hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi -pasa kina sura mbili: chaweza kuwa na maana ya kustahili au kufaa, na chaweza kuwa na maana ya kulazimu. Masikio ya leo, yaliyozoea "imekupasa" na "yakupasa", huisikia ile ya pili tu. Kwa hiyo mzazi wa Kiswahili huelewa kwamba iko njia moja ya wajibu, inayojulikana na wakubwa, na kwamba mtoto hana budi kuingizwa humo. Kiebrania hakisemi hivyo waziwazi. Maneno yake ni kwamba mtoto alelewe kwa kadiri ya "njia yake", na kiambishi cha umilikishi hapo ni cha mtoto mwenyewe. Haidhuru mtu akisema tofauti hii ni ndogo. Juu ya tofauti ndogo kama hii husimama nadharia nzima za malezi.

Wafasiri wa Kiyahudi wenyewe hawakukubaliana. Rashi, aliyeishi Ufaransa kati ya mwaka 1040 na 1105, aliuelewa mstari huo takriban kama Mswahili asemavyo kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo: akifundishwa mema atadumu nayo, akifundishwa mabaya atadumu nayo pia. Lakini Eliya wa Vilna (1720–1797), mwanachuoni mkubwa wa Lithuania, alilishika neno "yake" kwa mikono miwili. Kwa maoni yake, mtoto anayelazimishwa kwenda kinyume cha maumbile yake atatii kwa hofu, kisha nira ikiondoka shingoni naye ataondoka. Anayeelekezwa katika mambo mema kwa mujibu wa maumbile yake, huyo ndiye hataiacha njia hata uzeeni.

Ushahidi anaoutumia ni wa zamani zaidi, nao umo katika Talmudi, katika kitabu cha Sabato. Humo inajadiliwa hali ya mtu aliyezaliwa chini ya sayari ya Mirihi, ambaye inasadikiwa kwamba atakuwa mmwaga damu. Rav Ashi anaifungua hukumu hiyo kwa kutaja kazi: mtu huyo atakuwa tabibu wa kuumika damu, au mnyang'anyi, au mchinjaji, au ngariba. Si lazima msomaji auamini unajimu ili aione nguvu ya hoja hii. Mwelekeo ni ule ule kwa wote wanne, na kisu ni kile kile. Mmoja anahatarisha maisha ya watu, mwingine anawatibu, wa tatu analisha mji, wa nne anafanya kazi ya ibada. Maumbile hayakuamua jambo hilo. Yaliamua tu kwamba kisu kitakuwapo.

Falsafa ya mtazamo huu ilipangwa vizuri na Musa bin Maimun, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Maimonides, aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204. Katika Sura Nane, alizoziandika kwa Kiarabu, anafundisha kwamba mtu hazaliwi na wema wala uovu, ila huzaliwa na wepesi wa kuelekea upande fulani, na mazoea ndiyo huufanya wepesi huo kuwa tabia. Hapo mwanafunzi wa Kiswahili yuko nyumbani. Neno tabia lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, ambako shina lake lahusu maumbile, na katika kinywa cha Waswahili likahamia kwenye mwenendo. Silika ikabaki upande wa kuzaliwa nacho, na hulka ikakaa katikati. Lugha yetu basi ina msamiati wa kutenganisha kile mtu alichopewa na kile alichokifanya kwa kile alichopewa, ila katika maandishi ya malezi maneno hayo hutumiwa kana kwamba yote ni mamoja.

Kiebrania kina neno jingine linalofaa kufikiriwa na wanaounda istilahi za maadili. Sifa ya tabia huitwa mida, na maana ya msingi ya neno hilo ni kipimo. Hasira ni kipimo, ukarimu ni kipimo, haya ni kipimo. Swali la kwanza kuhusu tabia ya mtu huwa ni imezidi au imepungua, na imetumiwa wapi. Kiswahili kinasogelea fikra hiyo kisemapo juu ya mtu wa kiasi, lakini kiasi chetu kimebanwa zaidi kwenye pombe na matumizi ya fedha.

Sasa mambo haya yapelekwe Iringa. Katika utani wa kila siku nchini, Mhehe amepewa hasira kama vile amepewa jina lake. Utani hauna ubaya. Una adabu zake na watu wake. Ubaya huanza pale utani unapogeuka kuwa nadharia ya mwalimu. Wahehe walimshinda Emil von Zelewski huko Lugalo mwezi Agosti 1891, Kalenga ikaanguka mwaka 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 badala ya kutekwa. Kutokana na historia hiyo waandishi wa kikoloni walijitengenezea picha ya taifa la wapiganaji kwa maumbile, na picha hiyo ikaendelea kuishi baada ya wao kuondoka. Mkwawa wa historia alikuwa pia mjenzi wa ngome na mpangaji wa utawala, shughuli zidaizo subira, lakini subira haikuingia katika utani.

Jaribio la shule ya Malangali linaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 W. B. Mumford aliiongoza shule hiyo ya serikali katika jimbo la Iringa kwa wazo lililokuwa geni wakati huo: elimu ijengwe juu ya kile ambacho wanafunzi walikuwa nacho tayari. Ngoma na michezo ya jadi iliingizwa katika ratiba, mavazi ya kienyeji yakaheshimiwa, na wazee wakaletwa kuwasimulia vijana mila na historia. Aliieleza kazi hiyo katika jarida la Africa mwaka 1929 na 1930. Ikilinganishwa na shule zilizomwona Mwafrika kama ubao mtupu, Malangali ilikuwa hatua ya kweli, na wanaoidharau leo hawaitendei haki. Hata hivyo kasoro yake ilikuwa katika msingi. Mumford alitafuta asili ya kabila, ilhali "yake" ya Mithali ni ya mtoto mmoja. Kijana wa Malangali aliyependa hesabu na kuchukia mbio alitazamwa kwanza kama mwana wa kabila lake, na mambo aliyoambiwa kuwa ni yake yalikuwa yamechaguliwa na mgeni. Jaribio halikudumu. Kosa hilo lakini limedumu, na hujitokeza kila asemapo mtu kwamba watoto wa mahali fulani "ndivyo walivyo".

Huko Rungwe, upande wa Mbeya, hali ilikuwa tofauti. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1930, alivieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Wavulana wapatao umri wa miaka 10 au 11 waliondoka nyumbani kwa wazazi na kujijengea vibanda vyao, wakaendelea kulima mashamba ya baba zao na kula pamoja kwa akina mama kwa zamu. Lengo la maisha hayo lilikuwa ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako: kuzungumza, kula pamoja, kujua kusikiliza na kujibu. Musa bin Maimun angeutambua mfumo huu mara moja, kwa kuwa yeye naye alifundisha kwamba mtu kwa maumbile yake huvutwa na mwenendo wa rafiki na jirani zake, hata akashauri mtu akikosa majirani wema aende akakae nyikani.

Lakini kijiji cha rika kilifanya zaidi ya kuwafananisha vijana. Wakati wa ubusoka, utawala ulipokabidhiwa kizazi kipya, wakuu wapya wa vijiji, yaani amafumu, walichaguliwa. Cheo hicho hakikurithiwa. Walichaguliwa kutoka miongoni mwa vijana walioishi mbele ya macho ya watu kwa miaka mingi, ambao kila mtu alijua nani ana busara ya maneno na nani ana nguvu tu. Hayo ni malezi yanayompa mtu nafasi ya kuonekana alivyo kabla ya kupewa kazi. Isifichwe kwamba yalikuwa na upande wa giza: aliyejitenga au aliyezidi wenzake aliweza kushukiwa uchawi, na watu waliogopa pumzi ya wanakijiji wenye hasira naye. Kipawa kilichotaka upweke hakikuwa na makazi huko.

Yupo atakayepinga kwamba mtazamo huu unafungua mlango wa kuhalalisha kila ovu kwa jina la maumbile. Pingamizi hili ni zito, na Wayahudi wenyewe wamelijadili. Vuguvugu la maadili lililoanzishwa na Israel Salanter (1810–1883) huko Lithuania lilitofautisha kuikandamiza tabia na kuirekebisha, na wanafunzi wake wakagawanyika. Shule ya Slabodka ilisisitiza utukufu wa mwanadamu. Ile ya Novardok iliamini katika kuivunja nafsi, na yasimuliwa kwamba wanafunzi wake walitumwa katika duka la dawa kuulizia misumari, ili wazoee kuchekwa. Hata Musa bin Maimun, mwalimu wa njia ya katikati, alitoa tofauti mbili: kwa kiburi na hasira, katikati haitoshi; mtu aende mbali upande wa pili. Kwa hiyo hoja ya Rav Ashi si hati ya kumruhusu mtoto mkali afanye atakalo. Inamdai mlezi kazi ngumu kuliko kuadhibu, nayo ni kujua ukali huo unataka kufanya nini, na ni wapi utamfaa mtu mwingine.

Kazi hiyo haina mahali pa kuandikwa katika ripoti za shule. Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoipa tathmini ya mwenendo uzito rasmi, ripoti ya sekondari nchini imebeba orodha ya sifa kama utii, ushirikiano, usafi na bidii, kila moja na herufi yake. Orodha ni moja kwa wote. Msichana wa Mufindi anayemuuliza mwalimu maswali mpaka kengele ikalia hupata herufi ya chini katika utii, na udadisi hauna safu. Mvulana wa Tukuyu asiyesema neno hupata herufi ya juu, na hakuna anayejua kama ukimya wake ni busara au woga.

Idara za Kiswahili haziwezi kuibadili fomu hiyo, ila zaweza kutoa maneno ya kuijazia. Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kinyakyusa zina misamiati ya hulka ambayo "tabia nzuri" na "tabia mbaya" zinaifunika upesi. Wanafunzi wa uzamili wanaotoka mikoa hiyo wanaweza kuikusanya kwa wazee wa Kalenga, Malangali na Rungwe, wakiuliza mtoto wa namna gani aliitwa jina gani, na alipewa kazi gani nyumbani kwa sababu hiyo. Wazee waliovijua vijiji vya rika vikiwa hai wamebaki wachache sana.