Nzilo: Matembezi ya alfajiri yasikate nyavu za wavuvi

KOLWEZI – Kutazama jua likichomoza juu ya Ziwa Nzilo ni jambo zuri, na hakuna anayelikataa. Mtu aliyekula vumbi la barabara za migodi wiki nzima ana haki ya kupanda mashua na wenzake watano au sita, akapita kandokando ya ziwa na kupumua hewa safi. Lakini anayeuza matembezi hayo ajue kwamba saa anayoichagua ina wenyewe.

Alfajiri mvuvi yuko kazini. Nyavu zilizotegwa jioni ndipo zinapotolewa, ili samaki wafike sokoni wakiwa wabichi. Mtumbwi wa kupiga kasia hauna taa, na maboya ya wavu hayaonekani gizani. Mashua yenye injini ikipita hapo, propela inakata nyuzi. Wageni watasikia mtikisiko kidogo, kisha wataendelea kupiga picha. Mvuvi atarudi nyumbani bila wavu, bila bukari ya watoto, bila pesa za shule.

Wapo wanaojibu kwamba utalii ni maendeleo, na kwamba Lualaba haiwezi kutegemea shaba na kobalti peke yake. Ni kweli. Ila wakaaji wa hapa wamelisikia neno hilo zamani. Union Minière ilipofunga mto Lualaba kwa bwawa, na umeme kuanza kutoka mwaka 1952, umeme huo ulikwenda kuendesha migodi. Mpaka leo kuna vijiji vya jirani vinavyolala gizani. Je, na ziwa nalo watanyimwa?

Tena kuna suala la roho za watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu wengi walikufa huku ufuko ukionekana. Nzilo ni ndogo kuliko Kivu, lakini maji hayaulizi ukubwa wa ziwa. Kuwapakia watu gizani bila kila mmoja kuvaa jaketi la kuokolea ni kucheza na kifo.

Dawa haina gharama kubwa. Wakubwa wa jimbo wakae na wavuvi, wapange njia ya mashua mbali na nyavu na mbali na ukuta wa bwawa. Kila mashua iwe na idadi ya watu isiyovukwa, jaketi kwa kila abiria, na taa. Kiongozi wa safari awe mvuvi wa ziwa hilohilo, alipwe vizuri, maana yeye ndiye anayejua nyavu ziko wapi na upepo unatokea upande gani. Na wavu ukikatwa, mwenye mashua alipe siku hiyohiyo.

Asiyekubali masharti hayo asubiri mpaka wavuvi wamalize kutoa nyavu zao.