Lafudhi Isiwe Mpaka

Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Shabaha ilikuwa kuwasogezea wananchi huduma, wala si kuwatenga Wanyambo wa Kayanga na ndugu zao wa Murongo. Vilevile, Kinyambo na Kihaya cha Bukoba ni lugha za ukoo mmoja. Wasemaji wake husikilizana. Lakini bado wapo wanaomcheka mtu kwa lafudhi yake.

Mwanafunzi achekwaye darasani hunyamaza. Mkulima achekwaye ofisini huondoka na shida yake. Walimu na watumishi wa umma hawana budi kuikomesha tabia hiyo. Kiswahili kiliunganisha Taifa bila kumwuliza mtu katoka kilima kipi. Mipaka ya wilaya ni ya kazi, si ya utu.