VIUMBE VYA MUNGU: KIBEBE, SAMAKI MKALI WA MITONI

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za samaki ambaye wengi wetu wa milimani hatujapata kumwona. Vijito vya Matamba vina baridi kali, naye apenda maji ya joto. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Wataalamu walimpa jina la Kiyunani, Hydrocynus, maana yake mbwa wa maji. Na mtu ayatazamaye meno yake hatauliza sababu. Ni meno makubwa, yenye ncha kali, nayo huonekana nje hata akifumba kinywa. Yakichakaa hung'oka, na mengine huota mahali pake.

Jamaa yake aliye mkubwa kuliko wote akaa katika mto Kongo. Huyo aliitwa Goliath, kama yule Mfilisti aliyeuawa na Daudi, kwa kuwa hupita urefu wa mita 1, na uzito wake hufika kilo 50. Wa kwetu ni mdogo kuliko huyo. Hupatikana katika mito ya Ruvu na Rufiji na matawi yake, na mwaka 1986 wataalamu walimpa jina lenye jina la Tanzania ndani yake.

Ukali wao si hadithi tu. Mwezi wa Februari 2011, wataalamu waliokuwa katika bwawa la Schroda, Afrika Kusini, waliwaona samaki wa jamaa hii wakiruka juu ya maji na kuwadaka mbayuwayu hewani. Ndio ndege wale ambao watoto wetu huwatazama wakipita upesi juu ya mashamba ya viazi, nasi twadhani hakuna awezaye kuwakamata.

Labda mtu atauliza: Mungu aliye mwema aliumba meno kama haya kwa nini? Na asome kitabu cha Ayubu, mlango wa 41. Mungu alipomjibu mtu yule aliyeteswa, alimwonyesha mnyama wa majini wa kutisha, apate kujua ya kwamba ulimwengu haukuumbwa kwa kipimo cha mwanadamu. Kiumbe kisichotupendeza sisi chaweza kumpendeza Yeye aliyekiumba.

Lakini tazameni jambo la pili: mwenye nguvu naye amewekewa mpaka. Kibebe yumo katika mto Zambezi na katika Shire ya chini, lakini Ziwa Nyasa hayumo, kwa kuwa maporomoko ya Shire yalimzuia asipande. Na uko mpaka mwingine ulio mkali zaidi, nao ni ukame. Meno hayaumi jua.

Basi neno hili latuhusu sisi. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali hutelemka kutoka milima hii yetu, hupita Usangu, huingia Ruaha Mkuu, na mwisho wake ni Rufiji. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama. Maji yakikatika, samaki hubaki katika vidimbwi, wakali kwa wapole, wakingoja mvua au mauti. Sababu kubwa ni maji yanayochepushwa Usangu kwa mashamba ya mpunga. Lakini tusiseme, Hayo ni ya watu wa bondeni. Aliye juu ya mto ndiye wa kwanza kuyapokea maji, basi ndiye wa kwanza kuulizwa habari zake.

Kwa hiyo yatupasa kutunza chemchemi. Tusilime vinyungu mpaka ukingoni mwa maji. Tusipande milingoti karibu na chemchemi, maana miti hiyo hunywa maji mengi. Tuiache miti ya asili isimame. Ninyi walimu, wapelekeni watoto kwenye kijito kilicho karibu na shule, mkawaulize: Maji haya yaenda wapi, na nani ayangoja huko?

Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya samaki wa majini, wala hakuwatenga wale wenye meno. Kibebe anaogopwa na samaki, na ndege, na wavuvi. Lakini uhai wake wapita kwanza katika mikono yetu, tusiomjua hata kwa sura.