Ushindani wa Bei za Simu Usiishie Kabla ya Delta ya Rufiji

Kwa mvuvi wa kamba wa Mbwera au mkulima wa mpunga wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, simu ya mkononi ni njia ya haraka ya kuulizia bei ya sokoni, kupokea malipo na kupata tahadhari ya mafuriko kama yale yaliyozikumba Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024. Unafuu wa gharama zake hutegemea ushindani wa kampuni. Hata hivyo, ushindani huo hauna maana kwa mteja asiye na mtandao wa pili wa kuchagua.

Kwa miaka mingi kampuni zilivutia wateja kwa kupunguza bei ya kupiga ndani ya mtandao mmoja, huku kupiga nje ya mtandao kukibaki ghali. Sababu mojawapo ilikuwa gharama za mwingiliano, yaani fedha ambazo kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpigiwa. Ndiyo maana wananchi wengi walilazimika kumiliki laini mbili au tatu.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizishusha gharama hizo kwa awamu: kutoka zaidi ya Sh100 kwa dakika hadi Sh34.92 mwezi Machi 2013, Sh15.60 mwaka 2018 na Sh2 mwaka 2022. Aidha, tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba. Hatua hizo mbili zilidhoofisha kizuizi kilichomfunga mteja kwa kampuni moja.

Ushindani sasa umehamia kwenye vifurushi, ambavyo si rahisi kuvilinganisha kwa kuwa hutofautiana kwa bei, ujazo na muda wa matumizi. Aprili 2021 viwango vipya vya vifurushi vilisitishwa siku ileile vilipoanza kutumika, kufuatia malalamiko ya wananchi kuwa gharama zimepanda.

Katika delta, changamoto ni ya aina nyingine. Vijiji vimetawanyika kati ya mito na misitu ya mikoko, na vifaa vya ujenzi husafirishwa kwa boti. Mnara wenye wateja wachache haurejeshi gharama kwa urahisi. Mnara wa pili ni mzigo zaidi. Soko pekee haliwezi kuifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 13, 2023, jijini Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kwa ruzuku ya Serikali. Mnara wa ruzuku ukitumiwa na kampuni zaidi ya moja, hupeleka mawasiliano na ushindani kwa pamoja. Ukitumiwa na moja, hupeleka mawasiliano pekee.

Kwa mwananchi, haki ya kuchagua huwa na nguvu inapotumika: kulinganisha vifurushi kabla ya kununua, kuhama inapobidi, na kuwasilisha lalamiko kwa kampuni husika, kisha TCRA lisipotatuliwa. Kwa wakazi wa delta, haki hiyo itakamilika pale mtandao wa pili utakaposhika kijijini.