Jina si Deraya

Yapo maneno yasemwayo mara kwa mara na wenzetu wa taaluma ya lugha, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya upole, hupita bila kupingwa. Husema kuwa jina ni kibandiko tu. Kitu huwa kile kile, kiitwe hivi au vile. Mimi nayapinga maneno hayo. Wala sitatafuta ushahidi katika ushairi, maana wapinzani wangu watasema kuwa huko maneno ndiyo bidhaa yenyewe. Nautafuta katika chuma: katika gari moja la Vita Kuu ya Pili ya Dunia lililokuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la kweli, la pili la kujisifu, la tatu la uchungu. Na gharama ya lile la pili ililipwa kwa roho za watu.

Gari lenyewe ni hili. Mwezi wa Mei na Juni mwaka 1940 vifaru vya Ujerumani vilipasua majeshi ya Ufaransa kwa muda wa wiki sita tu, na Marekani, ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani, ikashikwa na hofu. Mizinga mipya haikuwa tayari. Lakini maghalani ilikuwamo mizinga ya milimita 75 ya asili ya Kifaransa, iliyobuniwa mwaka 1897, zama za vita vya farasi. Mwaka 1941 mzinga huo ukapandishwa juu ya gari la nusu minyororo: gari lenye magurudumu ya kawaida mbele, na nyuma mikanda ya mpira izungukayo kama minyororo ya trekta. Ufundi huo watokana na kazi za Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyepata kuhudumia magari ya mfalme wa Urusi yapate kupita thelujini.

Yaliundwa magari ya namna hii yapatayo 2,200. Lilikimbia kilomita 70 hivi kwa saa barabarani, likabeba watu watano. Halikuwa na paa. Bamba la ubavu wake lilikuwa na unene wa milimita 6 hivi, kinga ya risasi za bunduki na vipande vya makombora, basi. Mzinga ulitazama mbele. Uliweza kugeuzwa nyuzi 20 hivi tu kulia au kushoto, na aliyetaka kupiga zaidi ya hapo hakuwa na budi kuligeuza gari zima.

Katika daftari za jeshi kitu hiki kiliandikwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni gari la kubebea mzinga. Jina hilo halina urembo, walakini halina uongo. Lasema kuwa hapa pana mzinga, na hili ni gari lake. Mtu apandaye gari la kubebea mzinga ajua kazi yake: apige kutoka mbali, ajifiche nyuma ya kilima, ahame kabla hajaonekana. Laiti mambo yangeishia hapo!

Hayakuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 1941 vikosi vilivyokuwa vikiitwa vya kupinga vifaru vilipewa jina jipya: waangamiza vifaru. Badiliko hilo lilifanywa kwa makusudi, kwa kuwa jina la zamani lilionekana kuwa la mtu ajilindaye, na wakubwa walitaka jina la mtu ashambuliaye. Wakawekewa chuo chao, ambacho mwaka 1942 kilihamia Texas chini ya Jenerali Andrew Bruce. Wakapewa nembo ya chui mweusi akitafuna kifaru kwa meno. Wakapewa na mwito: tafuta, piga, angamiza. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kufanya vivyo hivyo mwaka 1940, walipoliacha neno lao la ulinzi dhidi ya vifaru, wakawaita askari wale wale wawindaji wa vifaru.

Sasa na tuitazame kazi ya neno. Nomino itokanayo na kitenzi humbebesha mtu tendo lake. Mkulima asipolima husemwa, na mwindaji asipowinda huchekwa. Basi aitwaye mwangamizi akijificha nyuma ya kilima hujiona amelisaliti jina lake. Na kamanda aliye juu yake, mwenye orodha mkononi isemayo kuwa anao waangamizi kadhaa, huwatuma mahali apasapo kwenda mwangamizi. Hapo ndipo bamba la milimita 6 liliposahauliwa. Mbio zikahesabiwa kuwa deraya. Wahenga walikwisha kusema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo wenyewe ulikuwa Tunisia. Mwezi wa Februari mwaka 1943, huko Sidi Bou Zid na Kasserine, magari hayo yalikutana na vifaru vyenye bamba la mbele la milimita 50 na zaidi, na mengi yakateketea. Ndipo askari waliokaa ndani yake walipotoa jina la tatu. Waliyaita masanduku ya Purple Heart, yaani ya ile nishani apewayo askari wa Marekani aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Tazama, msomaji, jinsi watu wasio na chuo wala nembo walivyosahihisha kwa maneno machache kosa la wataalamu.

Nitajibiwa kuwa magari hayo yalishinda. Watanitajia El Guettar, tarehe 23 Machi 1943, ambapo kikosi cha 601 kilisaidia kuizuia divisheni ya kumi ya vifaru ya Ujerumani, na vifaru vipatavyo 30 vikaachwa uwanjani. Sikatai, ushujaa wa watu wale hauna shaka. Lakini hesabu isomwe yote: kati ya magari 28 ya kikosi hicho, 21 yalipotea siku hiyo. Tena vifaru havikuzuiwa na magari hayo peke yake. Palikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini na mizinga mingi ya nyuma. Na magari yenyewe yalifaa zaidi pale yalipopiga kutoka nyuma ya vilima, yaani pale yalipotii jina la daftarini.

Nitajibiwa pia kuwa kosa lilikuwa la chuma, si la neno. Kwamba bamba jembamba ni jembamba hata likiitwaje. Hoja hii yaonekana nzito, kumbe yaniunga mkono. Ikiwa jina haliwezi kuunenepesha ubavu wa gari, mbona lilipewa kana kwamba laweza? Na chuma kile kile kilipotumiwa kwa kazi nyingine kilifaa. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani waliyatumia magari hayo Saipan na Peleliu mwaka 1944, yakipiga vifaru vyepesi vya Kijapani, na mapango na ngome, bega kwa bega na askari wa miguu. Warusi nao walipokea magari 650 ya nusu minyororo yenye mzinga wa milimita 57, wakayaandika SU-57, herufi ambazo maana yake ni mtambo ujiendeshao. Sisemi kuwa jina hilo liliokoa roho ya mtu. Nasema halikumwahidi mtu jambo ambalo chuma hakikuweza kulitimiza.

Marekani yenyewe iliyarudisha zaidi ya magari 1,300 kati ya yale 2,200 katika kazi ya kuchukua askari, na baada ya vita ikavivunja vikosi vya waangamizi vyote. Jina lilikwisha kufa, waliolifia hawakufufuka.

Kwa nini nayaandika haya katika jarida la Kiswahili? Kwa sababu sisi nasi tu katika kazi ya kutoa majina. Lugha yetu ilipolipokea gari la vita lenye minyororo kamili ililiita kifaru, na haikukosea: mnyama yule ana ngozi nene, hutangulia kwa pembe, wala hageuzwi njia kwa urahisi. Mfano ulishika kwa kuwa ulikuwa na haki. Lakini leo mfasiri akutanaye na jina lile la kujisifu huandika mwangamiza vifaru bila kusita, na mwanafunzi asomaye huona picha ya dubwana la chuma, kumbe ni watu watano wasio na paa juu ya vichwa vyao. Ufasiri wa namna hiyo ni mwaminifu kwa neno na mwongo kwa kitu. Mimi ningeandika mzinga wa gari, na ikiwa historia yadai jina la kikosi litajwe, ningelitaja kama jina walilojiita, si kama sifa waliyokuwa nayo.

Yatupasa basi, kila tuundapo istilahi, iwe ya jeshi, ya tiba au ya utawala, kuuliza swali moja kabla ya kuuliza kama neno lapendeza: ni nani atakayekaa ndani ya jina hili, na je, litamkinga? Maana atoaye jina hukaa mezani. Aketiye garini ni mwingine.