Kidonge ni rahisi, mpaka ndio ghali

Mwaka 2000, dawa za kumtunza mtu mmoja anayeishi na VVU ziligharimu takriban dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Leo Mfuko wa Dunia hununua kidonge kimoja cha kila siku chenye dolutegravir, kinachotumika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa chini ya dola 45 kwa mwaka. Belo moja la mitumba linazidi bei hiyo.

Gharama, basi, imehamia kwenye safari ya kukifuata. Mama anayechukua dawa Arusha na kuuza bidhaa zake Nairobi, akipewa za mwezi mmoja mmoja, atarudi mara 12 kwa mwaka. Kila mara ni nauli, foleni na siku ya soko iliyopotea. Mzigo ukikwama Namanga, dozi zinarukwa. Zikirukwa mara nyingi, virusi hupata mwanya wa kujenga usugu, na dawa za daraja la pili ni ghali zaidi. Wapo pia wanaohamishia vidonge kwenye kopo lisilo na lebo ili jirani wa basi asivitambue. Ofisa wa forodha akiuliza ni nini, kazi inaanza.

Hasara hiyo haibaki kwa mgonjwa peke yake. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi 3 hadi 6. Kwa anayeishi kwa kuvuka mpaka, miezi 6 isiwe hisani ya muuguzi. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, serikali zinatafuta pa kubana matumizi. Zipunguze safari za kliniki, si vidonge.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mzigo wa hadi dola 2,000 uvuke kwa cheti rahisi cha uasili. Ikiwa gunia la maharage lina karatasi inayoheshimiwa pande zote mbili, kadi ya kliniki inakosa nini? Busia, Malaba, Namanga na Mutukula, maofisa wa nchi mbili tayari wanaketi chini ya paa moja, na wa afya wamo. Wakabidhiwe kabati la dawa za wiki mbili, kwa ajili ya aliyekwama.