Sauti Imfikiayo Mwana Tumboni

Kina mama wengi wameambiwa kwamba mimba ikichezewa muziki, mtoto huzaliwa na akili kali. Wako wanaofunga spika za masikioni juu ya kitovu na kulala nazo usiku kucha. Katika nyumba zetu mara nyingi huwa ni kisomo cha Qur'ani au kasida. Ama hukumu ya muziki wenyewe, hiyo twawaachia mashekhe. Sisi twatazama sikio la mtoto.

Madai hayo ya akili yana asili yake. Mwaka 1993, huko Marekani, Frances Rauscher na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu muziki wa Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya maumbo. Walifanya vizuri zaidi, lakini faida hiyo ilitoweka kabla ya robo saa kupita. Hapakuwa na mja mzito wala mtoto mchanga miongoni mwao. Juu ya msingi huo mwembamba wazazi wakauziwa kanda na santuri, na twaona ni dhulma kumfanya mama asiye na pesa ahisi kwamba amemnyima mwanawe kitu.

Hata hivyo, mtoto husikia. Tumboni hamna kimya: moyo wa mama wadunda, damu yapita, utumbo wanguruma. Sauti ya nje humfikia imefifia, bali ya mama hupenya pia kupitia mwilini mwake. Mwaka 1986, Anthony DeCasper na Melanie Spence waliwaomba waja wazito wasome hadithi ileile kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa, walinyonya chuchu ya mpira kwa namna iliyowaletea hadithi ile badala ya ngeni. Basi mama asomaye juzuu yake baada ya alfajiri, au aimbaye huku akikuna nazi, ameshamfikia mwanawe bila gharama.

Spika iliyogusa ngozi ni jambo jingine. Mtoto hawezi kuziba masikio, wala kuondoka, na madaktari wa watoto wa Marekani walitahadharisha juu ya kelele kwa mtoto aliye tumboni tangu 1997. Atakaye kusikiliza kisomo naweke redio chumbani, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida.

Na mtoto akipunguza kucheza tumboni, asiamshwe kwa simu wala redio. Mama aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.